Ndege wa Nyasa walipolishana keki

Ukitoka Songea kwenda Mbinga, milima ya Umatengo inakupokea na mashamba ya ngoro, yale mashimo yaliyopangwa kwenye miteremko kama masega ya nyuki ili mvua isiondoke na udongo. Ukishapita Mbinga kahawa inaongezeka, halafu barabara inaanza kushuka. Kilomita kama 66 kati ya Mbinga na Mbamba Bay sasa ni lami. Aliyewahi kuipita njia hii zamani, masika, akiwa na mtoto anayetapika garini, hahitaji maelezo zaidi.

Kwetu ni Tingi, kwa wazazi wangu. Tingi ni kata ya wilaya ya Nyasa, wilaya iliyomegwa kutoka Mbinga, na watu wa rika la baba yangu ukiwauliza kwao ni wapi bado wanakujibu "Mbinga". Ni nchi ya vilima, ziwa liko chini. Likizo fupi ya mwezi wa tisa tunawapeleka watoto kwa babu na bibi yao, na watoto hao hawakubali kwamba wamefika mpaka siku watakaposhushwa ziwani.

Ziwa Nyasa lina urefu wa karibu kilomita 580 na kina kinachofika mita 700. Hayo wanayasoma shuleni na kuyasahau. Wanachokumbuka ni maji yanayoonyesha mawe mpaka chini, ugali wa muhogo na usipa wa kukaanga, na upepo wa mwera unaoamka mchana na kuwafukuza watu ufukoni. Safari ya mwisho, binti yangu mwenye miaka 12 alirudi na kitu kingine cha kukumbuka: ndege.

Wazazi mliokulia karibu na maji mnamjua. Ni mdiria, yule mweusi na mweupe mwenye kishungi na mdomo mrefu kama kisu. Utamwona amesimama hewani juu ya maji, mabawa yanapiga, kichwa hakitikisiki, mdomo umeelekea chini. Mara anajiachia kama jiwe. Inasemekana ndiye ndege mkubwa kuliko wote wanaoweza kusimama hewani hivyo bila kubebwa na upepo. Kwa hiyo anavua hata mbali na ufuko, pasipo tawi la kutua, na samaki akiwa mdogo anammeza hukohuko angani.

Dume na jike unawatofautisha kifuani. Dume ana mikanda miwili myeusi. Jike ana mmoja tu, nao mara nyingi umekatika katikati kama shati lililokosa kifungo.

Wakati wa kutafuta wenza wanakusanyika na kupiga kelele, na dume anayetaka mke huja na samaki. Hampi kila mtu. Anatua pembeni ya jike, jike analialia na kutikisa mabawa kama kinda mwenye njaa, naye anamkabidhi mdomoni. Binti yangu aliliona tukio hilo jioni ya kwanza, kwenye mti uliochomekwa majini wa kufungia mitumbwi. Alikuwa na kamera ndogo ya mtumba ambayo lenzi yake inavuta mara 30. Akapiga.

Picha yenyewe niieleze, kwa sababu bila kuijua hiyo ya kwanza huwezi kuelewa kilichofuata. Katikati kabisa palikuwa na vivuli viwili vyeusi juu ya mti mweusi. Nyuma yao jua linazama, zuri kweli. Mstari wa ziwa umepinda, kana kwamba maji yote yanamwagikia Malawi. Ndege mmoja ametupa mgongo. Samaki haonekani.

Ikatumwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Ndani ya dakika kumi mioyo ikajaa, "hongera mwanetu", "Mungu azidi kukuinua", "kipaji hicho". Shangazi mmoja akauliza kama hao ni kunguru. Binti akasoma yote, akazima simu, akaniuliza: "Mama, wanasema nzuri. Nzuri nini?"

Swali hilo wazazi wengi tunalikwepa. Sifa ni rahisi na hazigombanishi. Lakini mtoto wa miaka 12 ana macho, anaiona picha yake mwenyewe, na anajua alichokiona kwenye ule mti hakimo ndani yake. Ukimwambia "nzuri" wakati yeye anajua kuna kitu kimekosekana, anachojifunza ni kwamba wewe hukutazama.

Walimu wengi duniani wanautumia mfano wa mtoto mmoja aitwaye Austin, aliyekuwa darasa la kwanza katika shule moja ya mji wa Boise, jimbo la Idaho, Marekani. Alitakiwa achore kipepeo kwa kutazama picha. Mchoro wa kwanza ulikuwa kama wa mtoto yeyote wa umri ule, kipepeo wa kwenye katuni. Wenzake darasani, watoto wa miaka sita na saba, wakaombwa waseme wanaona nini kwenye picha ambacho mchoro hauna. Kwanza wakazungumzia umbo la mabawa peke yake. Baadaye ndipo wakaja kwenye mistari na madoa. Austin alichora mara sita, na wa sita ungedhani umetoka kwenye kitabu cha elimu ya viumbe. Mwalimu Ron Berger, ambaye ameisambaza hadithi hiyo, ana masharti matatu kwa yeyote anayetoa maoni: awe mpole, ataje kitu mahususi, na anachosema kimsaidie mwenye kazi.

Kwa maoni yangu sharti la pili ndilo gumu kwetu. Upole tunao, mara nyingine mwingi mno. Kutaja kitu mahususi kunataka ukae chini na kutazama.

Aliyetazama alikuwa kaka yangu, mjomba wa mtoto. Anapiga picha za harusi na kipaimara huko Mbinga mjini. Hakuandika kwenye kundi. Alimpigia simu mpwa wake.

"Ulitaka nione nini?" akaanza.

"Mume anampa mke samaki, mjomba."

"Mimi sijaona samaki. Nimeona jua."

Kimya kidogo. Nilikuwa karibu, nikadhani mtoto atalia. Hakulia, akacheka, kwa sababu ilikuwa kweli.

Halafu mjomba akamwambia jambo ambalo sisi tuliozoea sherehe tunalielewa mara moja. Akasema picha hiyo ni ya bwana na bibi harusi wanalishana keki, basi. Mpiga picha wa harusi hasimami nyuma ya bwana, maana atapata koti. Hasimami upande wa dirisha lenye mwanga, maana atapata giza. Anasimama ubavuni, apate nyuso mbili zinazotazamana, na katikati yake kipande cha keki. Na habonyezi keki ikiwa bado kwenye sahani, wala ikishamezwa. Kuna nusu sekunde ambapo keki imeshikwa na wote wawili. "Ukikosa hiyo, MC hawezi kuwaambia warudie," akasema. "Na ndege wako hawana MC."

Kuhusu jua, alimpa hesabu ambayo mtu yeyote wa upande wetu wa ziwa anaweza kuitumia. Sisi tuko mashariki ya ziwa. Ukitazama majini unatazama magharibi, na ng'ambo iko Nkhata Bay. Kwa hiyo jioni jua liko usoni pako na kila kilicho mbele yako kinageuka kivuli. Asubuhi jua linatoka mgongoni kwako, juu ya vilima, na linammulika ndege usoni. Ila vilima hivyo vinalichelewesha, hivyo hakuna haja ya kuamka saa kumi na moja. Likishavuka vilima unapata saa moja na nusu hivi ya mwanga laini kabla halijawa kali na kabla upepo haujachafua maji.

Kuna jambo jingine ambalo hata mimi nisiye mpiga picha nililiona baada ya kuonyeshwa. Jicho la mdiria ni jeusi, nalo limekaa ndani ya utepe mweusi unaopita usoni. Bila mwanga kutoka mbele, jicho linapotea kabisa na ndege anaonekana kama kinyago. Mwanga wa chini wa asubuhi unaweka nukta ndogo nyeupe jichoni, na ghafla ndege anakuwa hai. Na weupe wa kifua unaungua haraka juani, unakuwa kama karatasi, mikanda isionekane vizuri. Dawa yake ni kupunguza mwanga kidogo kabla ya kupiga. Kwenye simu unagusa sehemu nyeupe ya ndege kisha unateremsha kile kialama cha jua. Kupandisha mwanga kwenye giza baadaye kunawezekana. Weupe uliokwisha kuungua haurudi.

Asubuhi ya pili tulikuwa mchangani mapema. Ufukwe wenyewe siutaji jina, na sababu nitaisema. Wavuvi wa usipa walikuwa wamerudi kutoka majini na wanawake walikuwa wanaanika. Ndege walikuwepo, wanne au watano, wakienda na kurudi. Binti alipiga picha nyingi, na moja ilitoka safi kweli: dume ametua kwenye mti, mikanda miwili inaonekana, jicho lina nukta yake, usipa unang'aa mdomoni, ziwa limenyooka. Mjomba akajibu kwa simu kwamba hiyo sasa ni picha. Mimi ningeishia hapo, nikanywe chai.

Pembeni yetu alikuwa amekaa mzee mmoja akishona nyavu. Binti akaenda kumwamkia. "Shikamoo babu." "Marahaba mjukuu wangu. Unawapiga picha hawa wezi wangu?" Akaonyeshwa kioo cha kamera. Akakisogeza mbali kidogo na uso, kama wazee wanavyosoma, akatazama kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote aliyeiona picha ile mpaka siku hiyo.

"Huyu anakula mwenyewe," akasema. "Hampelekei mtu."

Tukamuuliza anajuaje. Akachukua usipa mmoja uliokuwa umeanguka kwenye mchanga. Akaushika mkia ukiwa nje, kichwa kikielekea mdomoni mwake. "Ukila mwenyewe, unaanza na kichwa, mapezi yalale, yasikukwaruze." Kisha akaugeuza, kichwa kikatazama kwetu. "Ukimpelekea mwenzio, unampa kichwa yeye, aanze nacho. Ukiona kichwa cha samaki kimetazama nje, ujue huyo ana mtu."

Nimesoma baadaye kwamba waangalizi wa ndege za jamii hii wanaitumia alama hiyohiyo. Mzee hakuisoma popote. Ana miaka mingi ya kukaa mahali pamoja na kutazama.

Hapo ndipo maoni mawili yalipokutana. Mjomba alijua picha, mzee alijua ndege. Picha ya asubuhi ya pili ilikuwa nzuri kwa kila kipimo cha mjomba, na ilikuwa na kasoro moja tu, kwamba haikuwa picha ya kile mtoto alichotaka kuonyesha. Ilikuwa picha ya mtu anakula peke yake. Binti hakuhitaji kuambiwa zaidi. Kuanzia dakika ile alijua ndege wa kumfuata kwa lenzi: asimhangaikie kila anayerudi na samaki, amngoje yule mwenye kichwa cha samaki mbele. Huyo lazima atakwenda mahali, na mahali hapo yupo jike.

Mzee aliongeza kwamba ndege hawa hawamjali mtu aliye ndani ya mtumbwi. Maisha yao yote mitumbwi imekuwepo. Mtu anayetembea mchangani ndiye anayewatisha. Akatupa mtumbwi wake, ukiwa umevutwa nchi kavu, tukae ndani yake. Huo ndio ukawa maficho yetu, na kwa mzazi una faida kubwa kwamba mtoto anakaa sehemu moja unayoiona. Kwa watakaojaribu: mahali mito inapoingia ziwani kunaweza kuwa na mamba, na kwenye maji yaliyotulia yenye majani kuna kichocho. Waulizeni wenyeji kwanza, na watoto wabaki mchangani.

Saa nne asubuhi ya siku hiyo ya pili tulikaribia kugombana. Nyuma ya ufukwe kuna ukingo wa udongo uliokatwa na maji ya mvua, na binti aliona mashimo mawili na ndege akiingia. Akataka kusogea. Hoja yake ilikuwa ya maana: wote wawili watatua pale, wakiwa karibu, mwanga ukiwa sawa, picha itapatikana kwa dakika tano.

Nilikataa, na nilikuwa na sababu. Shimo la mdiria ni handaki la mita moja na zaidi, na mume na mke hulichimba kwa midomo na miguu kwa majuma kadhaa. Jike hutaga mayai manne hadi sita, na kuyaatamia kunachukua siku 18 hivi. Mtu akisimama mbele ya tundu, ndege mwenye samaki haingii. Anazunguka, anatua mbali, analia. Kwa macho ya kamera hiyo ni bahati, ndege anakaa muda mrefu mbele ya lenzi. Kwa ndege hiyo ni nusu saa ya joto ambayo mayai hayakuipata, au kinda asiyelishwa. Na nyayo zetu zinawaonyesha watoto wengine na mbwa wapite wapi. Ndiyo sababu ufukwe sikuutaja, na kama mwanao anapiga picha za viota, msiandike mahali mnapozituma.

Alinuna mpaka chakula cha mchana. Kanuni ya kumwachia mtoto ni fupi: ndege akiacha alichokuwa anafanya ili akutazame wewe, umekaribia mno, rudi nyuma.

Asubuhi ya tatu haikuwa na maajabu kwa saa nzima. Ndani ya mtumbwi kuna harufu, mbao ni ngumu, na mdogo wake wa kiume aliuliza mara nane tunakwenda lini kuogelea. Kisha dume alirudi kutoka mbali, chini chini juu ya maji, na binti akasema polepole, "Kichwa kiko mbele." Akamwacha aliyekuwa anamtazama, akamfuata huyo. Dume akatua kwenye kamba iliyofungwa kati ya miti miwili, jike alikuwepo tayari, wakawa ubavu kwetu kama mjomba alivyotaka. Binti akashikilia kitufe bila kuachia. Tulipohesabu zilikuwa picha 60 na kitu.

Hamsini na zaidi hazina maana: bawa limeficha uso, samaki ametikisika, jike amefumba. Katika moja tu midomo miwili imeshika usipa mmoja, kichwa kikiwa kwa jike, mkia kwa dume, macho yote mawili yana nukta. Keki imeshikwa na wote.

Lakini kulikuwa na wa tatu. Kwenye kamba hiyohiyo, hatua chache nyuma yao, yupo dume mwingine. Mikanda miwili. Naye ana samaki mdomoni.

Mjomba aliposhirikishwa alisema mkate huyo. Ushauri wa kawaida kabisa, na mara nyingi ni sahihi: kila kisichosaidia kiondoke kwenye fremu. Harusini, alisema, nyuma ya keki siku zote kuna mtu anatafuna, na kazi yake ni kumwondoa. Mzee wa nyavu alipoonyeshwa alisema kinyume. "Huyo muache. Huyo ni wa nyumba ile, namwona kila siku anawaletea."

Nikaamua kutafuta. Mtafiti Heinz-Ulrich Reyer alichunguza ndege hawahawa nchini Kenya, kwenye Ziwa Victoria na Ziwa Naivasha, na mwaka 1980 alichapisha aliyoyaona. Wazazi wengi wana wasaidizi wanaoleta samaki. Wa kwanza ni watoto wao wa kiume wa msimu uliopita, wasio na wake bado, wanaowalisha mama na wadogo zao. Wa pili si ndugu. Ni madume waliokosa wake, kwa sababu madume ni wengi kuliko majike, nao wanakuja na samaki wao kuomba nafasi. Naivasha, ambako kuvua ni rahisi zaidi, mwenye nyumba anawafukuza hao wageni. Victoria, ambako kupata samaki ni kazi, anaanza kwa kuwafukuza, na vifaranga wakishakuwa na njaa anawapokea. Baadhi yao msimu unaofuata huishia kuwa mume wa yule mama. Ukurasa huu ni wa familia, kwa hiyo hilo la mwisho niliwasimulia watoto kwa kifupi.

Huyu wetu ni mtoto wa kwanza, au ni mgeni anayebisha hodi na zawadi? Picha haisemi. Ila ukimkata, unabaki na kadi ya harusi, mume na mke na usipa. Ukimwacha, kuna kaya, na kuna swali. Binti alikaa nazo zote mbili, aliyemkata na asiyemkata, siku nzima. Mwisho akamwacha, akampigia mjomba wake kumweleza kwa nini. Nilisikiliza mazungumzo hayo kwa makini zaidi kuliko nilivyoitazama picha. Hakuwa anajitetea. Alikuwa anasema, "Mjomba, ulisema niondoe kisichosaidia. Huyu anasaidia. Kazi yake ndiyo hiyo." Mjomba akacheka mpaka akakohoa.

Jambo la mwisho lilikuwa uzi wa bluu wa nyavu uliokuwa unaning'inia kwenye kamba, mbele kidogo ya mkia wa jike. Simu za siku hizi zinaufuta kwa kidole. Hapo mjomba, ambaye kwa maneno yake mwenyewe huombwa na maharusi awaondoe hata mashemeji, alikataa. Kunyoosha ziwa lililopinda, sawa. Kukata pembeni na kurekebisha mwanga, sawa. Kufuta kilichokuwepo au kuongeza kisichokuwepo, hapana, kwa sababu picha ya mnyama ni ushahidi.

Mashindano makubwa ya picha za wanyama yanaendeshwa hivyo. Yale ya Wildlife Photographer of the Year, ya makumbusho ya Natural History Museum mjini London, yaliwahi kumvua ushindi aliyeshinda mwaka 2009 kwa picha ya mbwa mwitu anaruka lango, majaji walipoona kuna uwezekano mkubwa mnyama huyo alikuwa wa kufugwa. Mwaka 2018 waliiondoa picha ya mla mchwa iliyoshinda mwaka uliotangulia, baada ya kuamini kwamba mnyama aliyeonekana mle alikuwa amekaushwa na kujazwa pamba. Mashindano hayo yana makundi ya watoto pia, kuanzia wa miaka 10 na chini. Namtajia mzazi mwenye mtoto wa namna hii, ajue yapo.

Uzi wa bluu ulibaki. Na ukitazama vizuri, ndio unaokwambia kwamba kamba ile ni ya mvuvi.

Picha tuliisafisha kwenye studio moja mjini, nakala mbili. Moja iko Tingi sebuleni kwa babu yake, chini ya kalenda ya chama cha msingi cha kahawa. Ya pili binti alimpelekea mzee wa nyavu siku tuliyoshuka kuaga. Aliipokea kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na uso, akatazama kwa muda wake uleule. Akahesabu ndege, akacheka alipofika kwa wa tatu. Halafu akanyanyua macho akalitazama ziwa, akarudi kwenye picha.

"Maji ya asubuhi hayana rangi hii," akasema.

Ni kweli. Studio walikuwa wameongeza bluu bila kuulizwa, wateja wengi huwa wanapenda. Binti akafungua kamera, wakalinganisha kioo na karatasi, na karatasi na ziwa. Nakala nyingine imeagizwa, na safari hii ameandika kwenye bahasha kwamba wasiguse rangi.